Nilikamua "chunusi" ya mdomo, kumbe siyo

Kila aliyeniambia "chunusi hiyo, ikamue" bado nina hasira naye, maana nyumbani kwetu Mikindani wifi yangu alikuwa na mtoto wa siku 9.

Ilikuwa msimu wa korosho, jua limenipiga shambani kutwa. Usiku mdomo wa chini ukawa unawasha na kuchoma pembeni, na ukitazama huoni kitu. Asubuhi pameumuka. Mama mkubwa akasema nimejishika na mafuta ya ganda la korosho. Yanababua kweli yale, lakini wiki nzima sikuwa nimebangua hata moja. Jirani akashikilia ni chunusi. Nikaisogelea na kioo, nikaminya nikingoja usaha na kile kiini kigumu. Yakatoka maji matupu. Nikapaka dawa ya meno, machozi yakanitoka. Jioni namulika kwa tochi ya simu, kumbe si kimoja: ni vilengelenge vitano au sita vimeshikana kama mayai ya samaki, mpakani pa mdomo na ngozi.

Chunusi ingekuwa na kichwa chake kimoja, cheupe au cheusi, kwenye ngozi yenye vinyweleo, na haimwambukizi mtu. Haya ni malengelenge ya homa, virusi vya hepesi. Yanatanguliwa na kuwasha, yanajaa maji, yanapasuka, yanafanya kigaga. Busu, kijiko, kikombe, vyote vinaweza kuyahamisha.

Mama wa duka la dawa hakunijibu kwanza kuhusu dawa. Aliniuliza, "Mwanangu, hujambusu yule mtoto?" Sikuwa nimembusu. Akaniambia kwa kichanga virusi hivi vinaweza kuua. Krimu ya asaiklovia nilinunua kwa elfu chache, akasikitika kwamba ningeanza kuipaka ule usiku wa kuwashwa ingesaidia zaidi.

Kikombe changu nilikifunga uzi mwekundu mkononi, kijiko nacho hivyohivyo, hata watoto wa nyumba wakajua hakiguswi. Mikono nilinawa kwa sabuni kila nilipopaka. Kichanga nilimtazama kwa mbali, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kidonda.

Virusi havitoki mwilini, vinajificha kwenye mishipa ya fahamu, na jua kali au homa huviamsha. Siku hizi shambani naenda na kofia pana, krimu iko kwenye pochi.

Siku ya 11 kigaga kilikuwa kimedondoka, ngozi imefunga. Wifi akaniangalia mdomo kwa makini, kisha akaniwekea mtoto mapajani.