Nilivyowekewa implanti ya gego huku mfupa wa juu umeisha

Magego yangu ya juu kulia yaling'olewa zamani sana, nilipotaka implanti, ile skrubu inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya ibebe jino la bandia, daktari hapa Tanga akaangalia eksirei akasema hapa skrubu haina pa kushika, nenda Dar ukapige CT, ile picha inayoonyesha mfupa pande zote. Picha ikaonyesha mfupa milimita 3 tu, juu yake sainasi, ile nafasi ya hewa pembeni ya pua, maana jino likitoka mfupa unaisha na sainasi nayo inashuka.

Kwa ganzi tu wakatoboa kidirisha ubavuni mwa taya, wakainua utando wa sainasi taratibuu, chini yake wakajaza punje za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa (nikauliza ng'ombe wa wapi, daktari akacheka).

Kazi iko baada ya hapo jamani. Hakuna kupenga kamasi, dafu kwa mrija marufuku, chafya unapiga mdomo wazi, presha ya hewa puani ikizidi utando unachanika punje zinahama. Sigara ndo usahau kabisa. Shavu lilivimba kama andazi, nikakanda na barafu.

Miezi kama 6 kusubiri mfupa ushike, implanti ikaingia, tukasubiri tena kabla ya kuvalishwa jino. Kashata natafuna upande huohuo sasa, ila mfuko bado unauguza kidonda.