Vizuia matangazo vitatu na bado matangazo yanapita: nilivyoisafisha kompyuta ya RAM 4 GB

Kuna ushauri umenichosha masikio: matangazo yakipita, ongeza kizuia kingine. Kompyuta niliyoletewa, ya steshenari, RAM 4 GB, Windows 10, diski ile ya zamani inayozunguka, tayari ilikuwa na vitatu. Matangazo yalipita kama kawaida na vichupo (tab) sita tu viliigandisha. Mwingine alishamwambia mwenye kompyuta anunue RAM. Ya mtumba haikuwa pesa ya kutisha, lakini nayo ingejaa vilevile.

Watu huhesabu matangazo kupita na RAM kujaa kuwa matatizo mawili, kumbe kwa sehemu kubwa ni moja. Tangu 2018 Chrome ya kompyuta hutenga kila tovuti kwenye mchakato wake (kazi inayojitegemea yenye sehemu yake ya RAM), hata tovuti hiyo ikiwa imepachikwa ndani ya ukurasa wa nyingine. Ni kwa ajili ya usalama, na Google yenyewe ilisema wakati ule kwamba RAM itapanda kwa asilimia 10 hadi 13. Sasa tangazo ni nini? Mara nyingi ni kaukurasa kadogo kalikopachikwa kutoka kwingine. Likipita, linakuja na mchakato wake.

Usiniamini, angalia. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, kisha panga kwa safu ya kumbukumbu. Task Manager ya Windows haikupi picha hii. Mistari inayoanza na neno Subframe ndiyo vipachikwa hivyo, na ukurasa mmoja wa matokeo ya mpira ulikuwa navyo zaidi ya kumi: huyu MB 25, yule 40, mwingine karibu 80. Chini yake viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari kama hivi vizuia, navyo vina mistari yao, na vile vizuia vitatu kila kimoja kilikuwa kimebeba orodha zake za vitu vya kuzuia, ambazo nyingi ni zilezile.

Kwa nini matangazo yalipita? Kizuia cha kwanza, uBlock Origin, kilizimwa na Chrome yenyewe. Google ilianza kuondoa viendelezi vya Manifest V2 (mfumo wa zamani wa kutengenezea viendelezi) Juni 2024, na 2025 ikafunga kabisa. Jina bado lipo kwenye orodha ya viendelezi, swichi ni ya kijivu, hakuna anayeiangalia. Hapo ndipo mafundi wa mtandaoni wanakuja na ule ujanja wa rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows: andika ExtensionManifestV2Availability, weka thamani 2, washa upya. Ulifanya kazi kweli, hadi toleo la 138 la Chrome. Kwenye 139 mpangilio huo wenyewe umeondolewa, kwa hiyo unaandika, unawasha upya, unasubiri diski imalize kukoroma, na hakuna kinachobadilika. Video za kuufundisha bado zinatazamwa.

Vile viwili vilivyoongezwa baadaye vilikuwa vinagombana. Kizuia kizuri hakizuii tu. Mahali pengine huupa ukurasa hati (script) bandia ili udhani tangazo limepakiwa. Cha pili kikilikata ombi lilelile kikavu, ukurasa unagutuka na kukutolea lile bango la "zima kizuia matangazo". Na kimoja kilikuwa na jina la kuigiza tu. Mwaka 2017 Adblock Plus bandia ilikaa kwenye duka la Chrome hadi ikafikia watumiaji kama 37,000, hivyo angalia jina la mtengenezaji kabla ya kusakinisha. Niliviondoa vyote.

Baada ya hapo una njia mbili. Ukibaki Chrome, weka uBlock Origin Lite, toleo jepesi linalokubalika huko, na upandishe kiwango cha uzuiaji kwenye tovuti sugu tu. Orodha zake huja pamoja na toleo jipya la kiendelezi, kwa hiyo usitafute kitufe cha kuzisasisha. Mimi niliihamishia mashine Firefox, ambako uBlock Origin kamili bado inaruhusiwa. Orodha ziache zilizokuja nazo. Kuna wanaotiki zote wakidhani ndiyo nguvu. Wanaongeza mzigo na kuvunja kurasa. Tangazo la video likipenya, fungua dashibodi, kwenye orodha bonyeza Purge all caches, kisha Update now, na ufute kanuni za kuzuia ulizonakili kutoka kwa watu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kona ya kulia chini. Matangazo ya "kompyuta yako ina virusi 5" yaliendelea kutokea hata baada ya kuhama, wakati kivinjari kipya hakina ukurasa wowote wazi. Kizuia hakiyagusi, maana hayaji ndani ya ukurasa. Ni arifa, na mtu aliziruhusu alipokuwa akitafuta filamu: "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti." Zilitoka Chrome, iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi kichinichini ingawa dirisha limefungwa. Andika chrome://settings/content/notifications, futa kila tovuti usiyoijua (orodha ilikuwa ndefu kama daftari la madeni), kisha kwenye mipangilio ya mfumo zima ile ya kuendelea na programu za chinichini. Kelele ikakatika palepale, na RAM ikashuka bila kununua kitu.

Programu za "kusafisha RAM" niliziondoa pia. Zinachosukuma nje ya RAM kinaenda kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikianza kukirudisha utakunywa chai na kumaliza. Badala yake Firefox ina about:processes ya kuona anayekula, na about:unloads yenye kitufe cha kulaza vichupo kimoja kimoja. Kile kinacholala hubaki kinaonekana juu, ukikibonyeza kinajipakia upya. Kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu kimalize kwanza kabla ya kubonyeza hapo.

Ukurasa wa malipo ukigoma kutoa namba ya kumbukumbu, usizime kizuia chote. Fungua kidirisha chake, bonyeza kile kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, pakia upya. Kinazimika kwa tovuti hiyo tu, na mara nyingine hutahitaji kurudia.