Mwalimu wa 2147483647

Jana kijana wangu ameniletea simu amenuna, pointi za gemu zimefika 2147483647 zikagoma kupanda, ati gemu imeharibika. Wapi. Chukua mbili 31 uzizidishe zote, toa moja, unapata hiyo, na programu nyingi za biti 32 haziwezi kuhesabu kupita hapo. Nilikuwa bado namweleza lakini akili ishanitoroka, iko Tom Mboya Street, Nairobi, kwa ile saiba ya ghorofani.

Mwalimu alikuwa mstaafu, koti la kijivu, daftari la mraba. Intaneti hataki, anataka tu kalkuleta ya kompyuta, na bosi anamtoza kwa dakika kama wale wa kujaza fomu za viza. Kazi yake ni kugawanya hiyo 2147483647 aone kama ni namba tasa kweli, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamwambia mwalimu, si hiyo inajulikana? Akasema inajulikana sana, yule mwanahisabati Euler aliimaliza na akamwandikia mwenzake Bernoulli barua 1772, tena macho karibu yameisha. Sasa? "Sasa mimi sikuwepo."

Ujanja wa Euler ndio ulinimaliza. Badala ya kujaribu kila namba hadi 46340, hapo mzizi wa pili unapoishia, alionyesha kwamba kigawanyo chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 ama 63. Kazi ikashuka hadi mara 372 hivi. Mwalimu alianza na 249, akaenda 311, ikabaki 35, akaandika, akaendelea hivyo siku baada ya siku, hata zile unaona kwa macho zinagawanyika kwa tatu hakuruka.

Siku ya mwisho ikabaki 46191. Akaiandika taratibu, akasogeza kiti, akaniambia, "Kijana, bonyeza wewe." Watu wa viza wameacha kutaipu, sijui nani aliwaambia. Nikabonyeza. 46491.3867 na mkia mrefu. Mwalimu akainama hadi pua ikagusa skrini, akaisoma tarakimu moja moja kwa sauti kama anaita rejista, halafu akasema, "Imekataa," na akacheka mpaka akakohoa, jamaa mmoja akapiga makofi bila kujua ya nini.

Bosi kutoka kaunta: "Na hiyo itakusaidia na nini, mzee?"

Mwalimu hakukasirika. Akasema hata Mwingereza mmoja, Peter Barlow, aliandika 1811 kuhusu namba kamilifu inayotoka kwa hiyo (kamilifu ni ile vigawanyo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha), kwamba pengine hakuna mtu atakayehangaika kutafuta kubwa kuliko hapo, maana hazina faida. Akalipa, akaenda, sikumwona tena.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ingine ya ukoo wa 2147483647, mbili 136279841 zikizidishwa, toa moja. Aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, na ina tarakimu 41,024,320. Faida yake mpaka leo siwezi kukuambia. Bosi najua angeuliza kitu kimoja tu, huyo Durant analipa kwa dakika ama kwa saa.