Nilivyoshughulikia mlingoti na kamba za mashua tukipanda Malagarasi

Mwezi wa tisa ukielekea ukingoni, upepo wa kusi huanza kulegea Ziwa Tanganyika, na mvua haziko mbali. Sisi wenye mashua za tanga hapa Ujiji, tuliobaki wachache katikati ya boti za mashine, huo ndio wakati wetu wa kuamua: ama mlingoti ushushwe utazamwe, ama uingie masika na ugonjwa ambao hakuna aliyeuona.

Mwaka jana nilikuwa na safari ya kufuata mawese na mihogo mikavu Ilagala. Huko unaingia kwa mlango wa Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji ziwani kwetu. Ukishaingia kati ya matete na mafunjo, upepo unakuwa wa kubahatisha, mnakwenda kwa pondo na kasia. Mbele zaidi miti ya kingoni imeinamia maji. Mlingoti uliosimama hauna kazi huko. Unaongeza uzito juu na kunasa matawi. Nikapanga kazi yake yote ifanyike humohumo safarini, ukiwa umelala.

Kuushusha tulipata mikono ya kutosha, kwa sababu vijana wa vipe, mashua za kuvulia dagaa kwa taa, walikuwa nchi kavu kwa ajili ya mbalamwezi. Taa zao hazivuti dagaa usiku ambao mwezi unaangaza ziwa zima. Kabla ya kulegeza chochote nilifunga kitambaa kwenye kila kamba na kitambaa cha rangi ileile mahali inapofungiwa: nyekundu kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, buluu kwa demani, ile ya kuongozea tanga, na kamba za ubavuni zikapata vipande vya kanga kuukuu, kulia ua moja, kushoto jingine. Kabari za shina la mlingoti nilizichora alama kwa makaa, ipi mbele, ipi nyuma. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini yanaokoa nusu siku ya ubishi wakati wa kuusimamisha.

Tuliulaza juu ya panda mbili za mti, moja mbele na moja nyuma, na katikati nikaweka gunia la pumba. Mti mrefu ukikaa siku nyingi umeshikwa ncha mbili tu unapinda, na ukishapinda haurudi. Ncha iliyotokeza nyuma ya tezi niliivisha kitambaa chekundu ili wenye mitumbwi waione. Mpwa wangu akashika pondo, mimi nikashika msumari na nyundo.

Nilianzia kwenye shina, na nadhani kila mtu angepaswa kuanzia hapo. Huku ziwani hatuna minyoo ya bahari inayotoboa mbao, hiyo ni neema, lakini maji baridi yanaozesha mti kuliko maji ya chumvi. Maji ya mvua yanateremka na mlingoti, yanatuama kwenye tundu la mwashiri, ule mti wa chini unaoshika shina la mlingoti, na ubichi unakaa pale miezi. Nilikuwa nagonga kwa mpini wa nyundo huku nasikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu. Uliooza unajibu kwa sauti nzito, butu. Panapojibu hivyo unachoma msumari. Kwangu ulizama urefu wa ukucha upande mmoja wa shina, basi. Nilichonga sehemu ile mpaka nikakuta mti mgumu, kisha nikaongeza kipande cha mninga kama kabari pana. Tundu la mwashiri nalo nikalitoboa njia ya kutolea maji.

Nyufa zinazofuata urefu wa mti hazikunitisha. Mkaratusi ukikauka lazima upasuke hivyo, na ukizijaza kitu kigumu, mti utavimba na kujipasua zaidi. Ufa wa kutafuta ni ule unaokata nyuzi kwa upana, hasa pale henza inapopita na pale foromali, mti unaobeba tanga, inaposuguana na mlingoti. Nilipapasa kwa vidole mti mzima, na haukuwapo.

"Mjomba, si tupake mawese tu? Tunayafuata tele," mpwa wangu akaniuliza. Wengi wanafanya hivyo, na mimi siungi mkono. Mawese hayakauki. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na kamba inayopita juu yake inachafuka. Nilipiga msasa, nikapaka mafuta ya linsidi ya duka la rangi kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Jua la mto bila mvua ndilo unalolihitaji kwa kazi hii, na mwezi wa kumi na moja hulipati.

Kamba zilinichukua muda mrefu zaidi. Henza niliigeuza, ncha ya chini ikawa ya juu, ili sehemu iliyozoea kukaa kwenye kapi ipumzike. Manila zilizochomwa na jua hadi zinatoa unga nilizitupa, hata zile zilizoonekana nene. Palipohitaji kuunga nilisokota nyuzi ndani ya nyuzi badala ya kupiga fundo. Fundo linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, tena halipiti kwenye kapi. Kazi hiyo niliifanya asubuhi na mchana. Jioni tulifunga mashua mapema mbali na njia za viboko, maana wakitoka kwenda malishoni hawampishi mtu.

Tukirudi na mzigo, mlingoti tuliusimamisha kabla ya kuingia ziwani, kwenye maji tulivu. Watu wanne waliinua, mmoja akavuta kamba ya mbele, na vitambaa vikatuonyesha kila kitu kinakwenda wapi. Kabari zilirudi kwa alama zake. Kamba za ubavuni nilizikaza upya tulipofika Ujiji, kwa kuwa kamba mpya hurefuka ikibeba tanga mara ya kwanza, na baada ya safari iliyofuata nikazikaza tena. Foromali bado: pale vipande vyake viwili vinapopishana panahitaji kufunguliwa na kufungwa upya, na mti wa kubadilishia kile cha juu nimeshauagiza.