Medani ya Tbilisi

Ngazi za umeme za metro ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, ni ndefu mno. Unasimama, unapandishwa, na upepo wa nje unakupiga usoni kabla hujaona mwanga. Ilikuwa Mei 2025. Nilikuwa nimetoka mji wa Kutaisi kwa marshrutka, ndiyo daladala yao, ikanishusha kituo cha Didube, nikaingia treni ya chini. Majina ya vituo yalinipita masikioni bila kuacha kitu, mpaka spika ikatamka: Tavisuplebis Moedani. Nikainua kichwa. Moedani? Si ndiyo medani yetu hiyo?

Ndiyo. Sisi tulilipata neno hilo kwa Waarabu, wao kwa Waajemi waliowatawala miaka mingi. Kwetu limebaki zaidi katika medani ya vita na medani ya siasa. Pale ni uwanja wa kukanyaga kwa miguu, katikati ya mji.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Sololaki, nyuma tu ya uwanja, kwa bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake mwanafunzi. Bibi kwao ni bebia, nami nikamwita hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Mjukuu ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, naye ndiye aliyenifafanulia nusu nyingine ya jina. Tavisupleba ni uhuru, akasema. Tavi ni kichwa, na pia ni nafsi ya mtu. Upali ni mwenye mali, bwana. Basi mtu huru kwa Kigeorgia ni bwana wa nafsi yake. Nililala na maneno hayo.

Asubuhi nikashuka uwanjani. Barabara sita zinakutana pale, na magari yanazunguka bila kupumzika. Upande mmoja kuna jengo la baraza la jiji, lenye mnara wa saa na nakshi za Kimoro. Katikati imesimama nguzo ya mita 35, na juu yake Mtakatifu George wa dhahabu akimchoma joka mkuki. Ni kazi ya mchongaji Zurab Tsereteli, ambaye alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla sijafika. Ilizinduliwa tarehe 23 Novemba 2006, miaka mitatu kamili tangu Rais Shevardnadze ajiuzulu mbele ya umati ulioshika maua ya waridi. Umati huo nao ulikuwa umejaa hapo na katika barabara ya Rustaveli, inayoanzia hapo hapo.

Kila aliyeutawala mji huu aliupa uwanja jina lake. Warusi wa enzi ya tsar waliuita Erivan, kwa heshima ya jenerali wao Paskevich aliyeuteka mji wa Erivan mwaka 1827. Jamhuri ya kwanza ya mwaka 1918 ikauita Uhuru, lakini haikufika miaka mitatu Jeshi Jekundu la Wakomunisti wa Urusi likaingia. Baadaye ukawa uwanja wa Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, mpaka alipoanguka mwaka 1953. Kisha Lenin. Kisha Uhuru tena.

Na damu imemwagika. Juni 1907 Wabolshevik, wanamapinduzi wa Lenin, walilitupia mabomu gari la farasi lililobeba fedha za Benki ya Taifa, uwanja umejaa watu. Waliondoka na rubli 341,000, na kwa mujibu wa nyaraka za wakati ule watu wapatao 40 walikufa. Stalin, mtoto wa nchi hii hii, alikuwa mmoja wa waliopanga. Kwa muda mrefu kisa hiki kimesimuliwa kama ushujaa wa majambazi. Mimi nilisimama pale nikiwafikiria wale waliokuwa wamekwenda sokoni tu.

Jioni nikamuuliza bebia kama anaikumbuka sanamu ya Lenin. Akaweka kikombe chini, akaanza na neno moja: mama. Nikajua habari inamhusu mama yake. Mjukuu akatabasamu, akanisahihisha. Kwa Kigeorgia mama ni baba; mama mzazi ni deda. Basi ilikuwa habari ya baba yake.

Machi 1956, baada ya Khrushchev, kiongozi mpya wa Kisovieti, kumshutumu Stalin, vijana wa Tbilisi waliingia barabarani kulitetea jina lake, na askari wakawafyatulia risasi. Naona uchungu kwamba walikufa kwa ajili ya mtu aliyewaua wengi wa kwao, ila walichokisikia wao ni taifa lao kutukanwa na Moscow. Mdogo wake baba yake bebia alitoka nyumbani siku zile, hakurudi. Mwaka huo huo sanamu ya Lenin ikasimamishwa uwanjani. Tangu hapo baba akipita pale alikuwa akitazama chini, miaka thelathini na minne, kama mtu aliyeangusha sarafu.

Agosti 1990 bebia alimshika baba yake mkono wakaenda kuona sanamu ikiondolewa. Umati ulipiga kelele. Mzee hakusema kitu. Alivua kofia, akaishika kifuani, akatazama juu mpaka kazi ilipokwisha. Bebia alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi kofia ilivyoshikwa: vidole vimekunja ukingo, kidole gumba ndani.

Kesho yake mjukuu alikuwa anakwenda kuandamana Rustaveli, kama alivyokwenda jioni nyingi tangu tarehe 28 Novemba 2024, serikali ilipotangaza kuahirisha mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya hadi mwisho wa 2028. Nikamwomba nimsindikize. Bebia akatufungia mkate wa shoti kwenye kitambaa, ungali moto, akamfunga mjukuu skafu ingawa hakukuwa na baridi.

Tulipandisha kutoka uwanjani hadi bungeni, mwendo wa dakika chache. Hapo mbele ya bunge kuna kumbukumbu ya tarehe 9 Aprili 1989, askari wa Kisovieti walipowavamia waandamanaji kwa gesi na majembe ya kijeshi, wakafa watu 21, wengi wao wanawake. Miaka miwili baadaye, tarehe hiyo hiyo, Georgia ikatangaza uhuru. Mjukuu aliinama akaligusa jiwe, akasimama kwenye umati. Kulikuwa na bendera, filimbi, wazee waliokuja na viti vyao. Akaumega mkate, kipande akampa mama mmoja asiyemjua aliyekuwa kando yetu.

Tulirudi baada ya saa nne usiku. Uwanja ulikuwa umepoa, taa zinamwangaza George peke yake. Tulipokata kona ya Sololaki nikainua macho. Bebia alikuwa dirishani, chumba hakina taa. Akatutazama mmoja, akatutazama wa pili, kisha akalifunga dirisha.