Redio ikipiga mluzi, usikimbilie alteneta

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, ukashuka ukiachia, mafundi wengi wa Kampala wana jibu moja: nenda Kisekka, soko la vipuri, ukatafute alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) ya mtumba. Subiri kwanza. Kelele hiyo huingilia kwenye antena, kwenye ati mbovu (muunganisho wa waya na bodi ya gari), au kwenye dayodi iliyokufa, kile kipande cha alteneta kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC. Ni hiyo ya mwisho tu yenye gharama.

Cheza muziki kwa flashi au Bluetooth. Mluzi ukipotea, unapita kwenye antena, na hapo mshukiwa ni ekspanda. Redio nyingi za magari ya Japani hukomea 90 MHz, ndiyo maana huwekwa kisanduku hicho cha kushusha masafa. Cha 14 MHz huileta Capital FM ya 91.3 kwenye 77.3. Kichomoe, chomeka antena moja kwa moja kwenye redio, tafuta CBS kwenye 88.8 au 89.2, hizo zinashikika bila msaada. Zikisikika safi, angalia ati ya ekspanda. Mara nyingi imefungwa juu ya bati lenye rangi. Kwangua hadi chuma kionekane, ufunge upya.

Mluzi ukibaki hata kwenye flashi, toa mita. Betri nzima iliyopumzika usiku husoma 12.6 V. Washa injini, taa kubwa na feni: tarajia 13.8 hadi 14.5. Ikishindwa kufika 13, haichaji. Ikizidi 15, regyuleta, inayodhibiti volti ya alteneta, imekwenda na redio yenyewe iko hatarini. Taa zikiwaka hivyo hivyo, pima kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri. Zaidi ya 0.2 V maana yake waya wa ati wa injini umeoza au haujakazwa. Pima pia kutoka bodi ya redio hadi hasi.

Dayodi hupimwa kwa upande wa AC wa mita, kwenye vichwa vya betri, injini ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Ikizidi 0.5 V, dayodi imevuja. Zile mita za bei ya chini hudanganyika hapa: ukiona kama 28 V, inasoma DC ya betri, wala si kosa la alteneta. Azima mita nyingine.

Na fundi akitaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili "ajaribu chaji", mzuie. Volti huruka ghafla na kuua redio, hata kompyuta ya gari.

Kama betri hulala nzima na kuamka imekufa, zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa, kisha unganisha mita ya ampea kwenye waya wa hasi. Zaidi ya 0.05 A ni wizi. Chomoa fyuzi ya redio uone kama inashuka. Ikishuka, huenda ekspanda imeungwa kwenye waya wenye moto wa kudumu, ambao kwenye redio nyingi za dukani ni wa njano. Ihamishie kwenye mwekundu, unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu. Kwenye plagi ya kiwandani rangi ni tofauti, kwa hiyo pima kabla ya kukata.