Dirisha langu lina wenyewe

Mama alinicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. "Nyumba umenunua mwenyewe, deni unalipa mwenyewe, halafu dirisha unaomba ruhusa?" Kwetu Ngamiani, Tanga, dirisha likioza anaitwa seremala, mnapatana bei hapo hapo barazani, kesho yake analeta randa. Mimi niko Hannover, Ujerumani, na dirisha langu lilinila zaidi ya mwaka.

Chanzo ni baridi. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha la mbao lenye vioo viwili, na kwenye ule utepe wa bati unaovitenganisha mlikuwa na chapa ndogo: 03 84. Ukiinamisha kichwa unaisoma vizuri tu, mwezi na mwaka kioo kilipotengenezwa. Usiku mmoja wa Januari niliwasha mshumaa nikauweka pale kizingitini, madirisha yote yamefungwa, na moto ukalala upande kama kuna mtu anaupuliza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nikirudi zamu ya usiku nakuta maji yametiririka kiooni, taulo niliyoikunja chini yake imelowa chapachapa, na pembeni kuvu inazidi kupanda.

Nikaita fundi. Akapima, akapiga hesabu: madirisha matatu na mlango wa roshani, vioo vitatu vitatu, euro 6,240. Anakunja futi yake, akaniuliza kama wenzangu wamesharidhia. Wenzangu gani tena?

Kumbe ukinunua fleti Ujerumani, chako ni cha ndani: rangi ya ukuta, milango ya vyumba, sinki, zulia. Paa, ngazi, kuta zinazobeba jengo na madirisha ya nje ni mali ya wamiliki wote. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilitamka wazi kwamba madirisha pamoja na fremu zake ni ya wote. Lakini hati ya kugawa jengo inaweza kukutwisha gharama wewe peke yako, na ya kwetu imefanya hivyo hivyo. Mali ya wote, bili yangu. Hapo ndipo mama alipopaliwa.

Nikamwandikia msimamizi wa jengo. Akajibu kwa adabu kwamba nimechelewa: mkutano wa wamiliki ni mara moja kwa mwaka, barua za wito hutoka angalau wiki tatu kabla, na za mwaka huo zilishatoka. Jambo lisilotajwa kwenye wito halipigiwi kura. Nikapitisha baridi nyingine na taulo langu.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, kahawa ya chupa na biskuti kavu. Jengo lina fleti kumi na nane. Siku hiyo walikuja kumi na wanne. Hoja yangu ilikuwa ya saba, baada ya mabishano marefu kuhusu nani aliacha baiskeli kwenye korido. Bibi wa ghorofa ya pili, ambaye yuko pale tangu madirisha hayo yawekwe, akasimama: haya bado mazima, na yeye hataki kuona plastiki ya kahawia upande wa barabarani. Nilikuwa nimemwomba fundi kipande cha fremu, kona iliyokatwa, nyeupe. Nikampa. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule mpira wa kuziba upepo kama anayekagua khanga dukani. "Nje litabaki limegawanyika pande mbili?" Nikamwambia, ndiyo bibi, kama lilivyo. Akakipitisha kwa jirani yake, nacho kikazunguka meza nzima.

Kumi na mmoja walikubali, wawili walikataa, mmoja hakuwa na upande. Yeye bibi alikataa, na sikumchukia. Sheria ingekuwa ile iliyotumika kabla ya tarehe 1 Desemba 2020, upinzani wa jirani mmoja anayeguswa na badiliko ungetosha kunikwamisha; siku hizi unatosha wingi wa kura. Masharti yakaandikwa kwenye muhtasari: rangi nyeupe, mgawanyo ule ule, gharama na matunzo juu yangu. Msimamizi akaniambia nisiagize kitu kwanza, maana asiyeridhika ana mwezi mmoja wa kwenda mahakamani. Nikauhesabu huo mwezi kama Ramadhani.

Mafundi walikuja wawili, saa moja asubuhi. Kufika saa kumi walikuwa wanafagia. Nikawasha mshumaa. Moto umesimama wima, tramu, ile treni ya barabarani, siisikii tena. Fundi mkubwa, mkono mlangoni, akanikabidhi karatasi: kwa kuwa madirisha mapya hayapitishi hewa, nifungue yote wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, hata theluji ikianguka, ama sivyo kuvu itarudi.

Mama sijamwambia hilo bado.